Mashua Iliyoitwa Sikumwona

Ismay Cudjoe wa Windward, kisiwani Carriacou, hakuwa mwanamke wa kelele. Alikuwa fundi mashua, binti wa fundi mashua, na viganja vyake vilikuwa vigumu kiasi kwamba mumewe Alwyn alimtania kuwa akipapaswa shavu na mkewe hana haja ya kunyoa. Kwa sababu ya ule upole watu walidhani amesahau. Watu wa visiwani hupenda sana kudhani mtu amesahau, maana hapo wanaweza kuendelea kunywa na yule aliyemtenda bila kuona haya.

Aliyemtenda ni Kapteni Redvers Tannis wa kisiwa cha Bequia. Katika mbio za mashua, kila mashua na mtu mmoja, Redvers alikata mbele ya mashua ya Hollis, mdogo wake Ismay, akaigonga, ikapinduka. Bahari ilikuwa imechafuka na washindani wengine walikuwa mbali nyuma. Redvers hakugeuza. Alikwenda zake na tanga limejaa upepo mpaka kwenye mstari wa kumalizia, akapokea kombe, akapiga ramu, na alipoulizwa yuko wapi kijana wa Carriacou akajibu, "Sikumwona." Mwili wa Hollis uliokotwa kesho yake. Redvers akaja mazishini na suti nyeusi, akalirudia neno lilelile, akala wali na mbaazi za msiba, akapanda chombo akarudi kwao.

Mama yao, Ma Zelia, alilipokea neno hilo na akapata usingizi. "Kama Kapteni hakumwona, basi mwanangu alikuwa ameshazama," alisema. "Boriti ya tanga ilimpiga kichwani. Hakujua kitu." Ismay hakumbishia. Yeye neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na kwa miaka mingi alitaka kitu kimoja tu duniani: Redvers alitamke tena mbele ya kadamnasi, safari hii watu wote wakijua anasema nini.

Basi akaunda mashua. Aliuchonga mkuku, uti wa mgongo wa chombo, mwenyewe, akapiga mbao za mwerezi, akaziba nyufa kwa kalafati, na jina akaliandika nyuma usiku mlango wa banda umefungwa, kisha akalifunika kitambaa cheupe kama ilivyo desturi. Siku ya kushusha majini mbuzi na jogoo walichinjwa juu ya sitaha, padri akanyunyiza maji yake, wazee wakamwaga ramu, na Ismay akavuta kitambaa. Herufi zilikuwa nyekundu: SIKUMWONA. Ngoma zilinyamaza.

"We mwanamke," Alwyn akamnong'oneza, "hili si jina, hii ni kesi."

"Kesi iliisha bila mimi kuitwa. Hii ni rufaa."

Aliyeshangilia alikuwa Ma Zelia peke yake. Alisema ni jina zuri, linamkumbusha kuwa mtoto wake hakuteseka. Ismay akatazama pembeni.

Pasaka ilipokaribia, msimu wa mashindano ya mashua Bequia, wakafunga safari, familia nzima: Ismay kwenye usukani, Alwyn kwenye kamba, binti yao Jessamy, mwalimu wa shule mwenye ulimi wa kukata chuma, na Ma Zelia chini ya mwavuli wake, ambaye aliambiwa wanakwenda kutembea. Ningekuwa mimi ningekwenda moja kwa moja hadi Bequia nikamalize. Ismay hakuwa na haraka. Alitia nanga kila kisiwa, na kila mahali aligeuza mashua ili nyuma yake itazame gatini.

Huko Petite Martinique walijua habari yote, wakamletea mkate wa moto. Kisiwani Union muuza samaki mmoja aliacha kupara, akasoma jina, akauliza, "Dada, hukumwona nani?"

"Si mimi. Kamuulize Kapteni Tannis."

"Tannis yupi, yule wa Bequia? Mzee wa kanisa?"

"Ndiye huyohuyo mzee wa kanisa," Jessamy akadakia, akashuka gatini, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na akaanza kusimulia. Alipomaliza, samaki walikuwa wamefuatwa na nzi na hakuna aliyejali.

Mayreau nako vivyo hivyo, huku wakila shelisheli la kuchoma. Walipofika Canouan hawakuhitaji kusema lolote, habari ilikuwa imewatangulia. Nahodha mmoja, jitu la miraba minne liitwalo Selwyn, lilikuja na mtumbwi wake, likalitazama jina, likavua kofia. "Kumbe ndio nyinyi," akasema. "Nami nashindana Bequia. Tutaonana." Ismay alilala vizuri usiku ule, usingizi wa mtu aliyeshiba.

Sasa Redvers alikuwa mkuu wa mashindano. Kabla ya mbio, mashua hupangwa mbele ya ufukwe, na mkuu hulitaja jina la kila moja kwa kipaza sauti. Nahodha akiitika, amesajiliwa. Mashua isiyotajwa haishindani. Ismay alijua hilo tangu alipokuwa akiuchonga mkuku.

Asubuhi ya mbio akaja mtu wa kamati, Fitzroy, anapiga makasia huku jasho linamtoka.

"Dada Ismay, tusaidiane. Kwa leo tu tukuite kwa namba."

"Mashua yangu haina namba. Ina jina."

"Basi libadilishe. Rangi ninayo hapa."

"Limeshamwagiwa ramu na maji ya padri, Fitzroy. Nilibadilishe, halafu tuzame wote na mama yangu ndani? Ndilo unaloliomba?"

Fitzroy alikuwa mtoto wa visiwani. Alijua kinachoipata mashua iliyobatizwa mara mbili. Akafanya ishara ya msalaba na kurudi alikotoka.

Redvers alisimama jukwaani na kofia nyeupe, ufukwe umejaa watu na masufuria. Alitaja mashua ya kwanza, ikaitikiwa, na ya pili na ya tatu. Ilipofika zamu ya Ismay alikohoa, akairuka, akamtaja Selwyn wa Canouan.

Selwyn hakuitika. Redvers akamtaja tena.

"Umeruka mmoja, Kapteni," Selwyn akasema.

Akamtaja wa Mayreau. Wa Mayreau akajifanya hamnazo, anafungua kamba na kuifunga tena. Wa Union akasema yeye anasubiri zamu yake. Ufukweni watu waliacha kutafuna.

"Sikumwona," kipaza sauti kikasema, taratibu.

"Hatukusikia huku," Ismay akajibu.

"Sikumwona."

"Hukumwona nani, Kapteni?" Jessamy akauliza, kwa sauti ileile ya kumwita mwanafunzi ubaoni.

Sauti ya pumzi za mzee yule ilitoka kwenye spika na kuenea bandari nzima. Angeweza kushuka jukwaani, miguu alikuwa nayo. Hakushuka.

"Nilimwona," alisema. "Alikuwa ameshika ubao. Alinipungia mkono. Nilidhani walio nyuma watamchukua."

Sitamsingizia Ismay huruma, hakuwa nayo. Alifurahi, akaushika usukani kwa mikono miwili. Aliwaona wanawake wa Bequia wakiziba midomo, akamwona Redvers akivua kofia na kukosa pa kuiweka, na kila alichokiona alikifurahia. Miaka yote ile alikuwa akiiota sura ile, na sasa ilikuwa mbele yake, mbaya kuliko alivyoiomba. Alwyn akamshika bega. Ndipo akageuka amwambie mama yake.

Ma Zelia alikuwa ameufunga mwavuli. Jua lilikuwa likimpiga usoni.

"Amesema alishika ubao?"

"Ndiyo, Mama."

"Na walio nyuma walikuwa mbali."

"Mbali, Mama."

Ma Zelia aliyatazama maji.

"Kwa hiyo alingoja," akasema.