Filamu ya Kijapani na Posa ya Bwana Ghanim

Mamdogo Hasina alifundisha darasa la kwanza miaka thalathini, akastaafu, akapandishwa cheo: akawa mpishi, mlezi na mtia kahawa nyumbani kwetu Al Khoudh, Maskati. Mumewe alifariki zamani, mtoto hakujaaliwa, na mama yangu Bi Nunu, dada yake mkubwa, akamchukua kwa huruma. Huruma hiyo huanza alfajiri kwa chapati za maji na haina siku ya mapumziko.

Sasa akatokea Bwana Ghanim wa Qurum, naye kafiwa na mke, akaposa. Kaposa kwa adabu zote, kupitia kwa mjomba Sleiman, na jawabu litolewe Ijumaa baada ya sala. Mama kusikia, presha juu. "Mwanamke wa miaka hamsini na sita! Watu watatucheka!" Watu gani, hakusema. Mie nlijua anachokiogopa, kwa sababu nami nlikiogopa hicho hicho. Wanangu wawili wanashinda kwa mamdogo nikiwa kazini. Akiolewa, nani atawapikia?

Mama hakumkataza mamdogo. Thubutu! Mama ana akili. Alhamisi baada ya alasiri akatuwekea filamu.

Mama anapenda filamu za Kijapani za zamani, zile zisizo na rangi, kwa kuwa eti zina heshima. Watu wanapendana saa mbili nzima na hakuna anayevua hata soksi. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza. Mama alikisoma Tabora kabla ya kuja Oman. Mamdogo alikuja mdogo, akasomeshwa Kiarabu hapa hapa Maskati. Kwa hiyo miaka yote mama anatafsiri, mamdogo anasimama na birika. Na kwetu mtu hutiliwa kahawa mpaka atikise kikombe kwamba yatosha. Mama filamu nzima hatikisi.

Kisa chenyewe, mjane anakaa kwa dada yake. Anakuja fundi saa, mpole, kila wiki anaitengeneza saa ile ile ya ukutani. Siku moja anamwambia, nahama mji huu, ntakusubiri stesheni. Yule bibi akachukua mwavuli, akasimama mlangoni, akasema neno.

"Anasema shetani kamghilibu," mama akatafsiri.

Mie Kiingereza nakisoma. Bibi wa watu kasema mvua imeanza.

Basi mama akafungulia. Ati bibi kakimbia na fundi, fundi kamtupa, dada mtu kafa kwa aibu. Na dada mwenyewe yule pale kwenye kioo cha televisheni, mzima, anakula wali!

"Huyo anakumbukwa tu," akasema mama, bila hata kupepesa jicho.

Ukweli ni kwamba yule bibi hakwenda. Treni iliondoka na fundi peke yake. Picha ya mwisho bibi kapiga magoti, nywele nyeupe, anamtilia dada yake chai.

"Mnaona?" akasema mama. "Hayo ndiyo malipo ya tamaa."

Nlikuwa na la kusema, lakini mdomo wangu ulijaa kaimati za mamdogo. Nkatafuna. Naona haya mpaka leo.

Mamdogo akaweka birika chini, akaomba rimoti. Akairudisha picha mpaka mlangoni, akautazama ule uso. Akaipeleka mpaka mwisho, akaisimamisha.

"Da Nunu," akasema taratibu, "mie nimepokea watoto wa miaka sita, hata kusema wana nini hawajui. Nausoma uso. Huyu hajuti kwamba alikwenda. Huyu hakwenda."

"Yameandikwa, Hasina! Au nakuongopea mie?"

Mamdogo akanigeukia. "Mazoon, mwanangu. Alikwenda?"

Mama akanikodolea macho. Nkawafikiria wanangu. Nkazifikiria kaimati, Mungu anisamehe.

"Hakwenda, mamdogo."

Mamdogo hakupiga kelele wala hakulia. Alichukua simu, akampigia kaka yake. "Kaka Sleiman, Ijumaa mbali. Mwambie Bwana Ghanim nimeridhia."

Mama akanyong'onyea. Ile sauti ya kutafsiri yote ikamtoka. "Na mie je, Hasina? Unaniachia nani?"

Kwa mara ya kwanza tangu aje nyumba ile, mamdogo akakaa kwenye kiti cha mbele. Akalisogeza birika kwa mama, akachukua kikombe, akamnyooshea.

Mama alilishika birika kwa mikono miwili, akatia. Nusu iliingia kikombeni, nusu ikenda juu ya zulia lake la Kiajemi, na hakuna aliyeinuka kufuta. Mamdogo akanywa, akamnyooshea tena. Mama akatia tena.

Cha tatu, cha nne. Mamdogo hakukitikisa.