Siku Nilipotia Halwaridi Kwenye Boila

Wapo watu mjini Malindi ambao mpaka leo wakikutana nami njiani hunusa kwanza, ndipo wanisalimu, na mimi huwaacha wanuse, maana kosa lilikuwa langu na kanzu walizovaa siku ile hazikutakata tena kwa sabuni wala kwa jua. Haya, sogeeni niwahadithie, bora mlisikie kwangu kuliko kwa Ami Swaleh, ambaye kila akilisimulia huongeza chumvi. Mcheke, lakini mcheke kwa ustaarabu.

Miaka ile ya themanini nilikuwa fundi wa kukereza vyuma kwenye karakana moja ya mjini, nikitengeneza vipuri vya pampu za maji za mashamba ya Sabaki, kazi ya halali na riziki yaingia, lakini moyo wangu haukuwa kwenye pampu, moyo wangu ulikuwa kwenye garimoshi. (Na mwajua wenyewe Malindi hatuna reli, kwa hiyo msiniulize ugonjwa huu niliupatia wapi, niliupatia Mombasa.) Nilikuwa mdogo, marehemu baba amenishika mkono pale stesheni, likaingia lile dubwana jeusi linahema, linatoka jasho, ardhi yatetemeka chini ya viatu vyangu, nami nikajikojolea palepale mbele za watu, na wallahi haikuwa hofu, ilikuwa ni kustaajabu. Sikupata kuona kitu cha mkono wa binadamu kilicho hai namna ile.

Nilipokuwa mtu mzima garimoshi za mvuke zilishastaafishwa, zimebaki za dizeli. Lakini Watamu alikuwapo mzee mmoja wa Kizungu, niliwahi kumtengenezea pampu, naye alikuwa akiunda vigarimoshi vidogo nyumbani kwake, si vya betri wala vya kutia ufunguo, vya kweli kabisa: moto wa kweli, maji ya kweli, mvuke wa kweli. Alipoona nimeganda mlangoni kwake mdomo wazi, akanipa michoro. Basi nikaingia kazini. Boila, lile tungi la kuchemshia maji, nikaiunda kwa shaba ya hita mbovu iliyotupwa na hoteli moja ya Kikambala, valvu nikazichonga kutoka mifereji ya bomba iliyokufa, magurudumu nikayakereza moja moja jioni baada ya kazi, na kwa kuwa makaa ya mawe ningeyatoa wapi, moto nikautia kwa makaa ya vifuu vya nazi. Vijana wenzangu wanaoa, wanajenga, mimi nasugua pistoni.

Siku ya kwanza kilipopata mvuke tulikuwa uani mimi na Shangazi Mwanaisha, ndiye aliyenilea, na ua wake wote nilishauzungushia reli za vyuma bapa juu ya mbao. Mshale wa geji ya mvuke ukapanda, nikavuta wenzo kidogo, kikakohoa, kikatema maji, kikasimama. Halafu, jamani, kikaondoka chenyewe! Chuku-chuku, chuku-chuku, kikazunguka ua, moshi wapanda, kuku wanaruka.

Shangazi akasimama na mwiko mkononi. "Twahir, kimeingiwa na nini hicho?"

"Maji na moto tu, Shangazi."

"Maji na moto ninavyo jikoni miaka yote. Mbona sufuria yangu haijapata kwenda popote?"

Naam, fundi mzima nimekiunda kwa mikono yangu, na nilipokiona kinapita mbele yangu nikahisi kama si mimi niliyekifanya. Tukakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi na kiti kibovu, tukikitazama mpaka makaa yakazimika, na mchuzi wa Shangazi ukaungua.

Sasa tuje kwenye mkasa wenyewe. Nilikuwa nampenda Zuhura, binti wa Mzee Bakari mshona kanzu. Nampenda, basi, sina maneno mengine. Ami Swaleh, ndugu ya baba, akanipelekea posa, na bahati mbaya akakuta mwenye maduka mawili ameshatangulia kubisha hodi. Mzee Bakari hakukataa wala hakukubali. Alisema hivi (Ami aliniletea maneno yenyewe kama yalivyotoka): "Nasikia huyo kijana wako mchana ni fundi, jioni yuacheza na vigari uani kwa shangaziye. Mimi binti yangu simwozi mtoto. Lakini sitaki kuhukumu kwa kusikia. Ijumaa tukitoka msikitini nitakuja nikione hicho kitu, kisha nitawajibu."

Sikulala vizuri wiki ile. Shangazi akapika biriani ya kualika mji, na baada ya kula, kama ada yetu, ilikuwa wageni wapitishiwe chetezo cha udi na kunyunyiziwa marashi kabla hawajaondoka. Kila kitu kilikuwa tayari juu ya sinia, chetezo, mrashi wa kunyunyizia, na kichupa kidogo cha Shangazi cha mafuta ya halwaridi, yale mazito ya kununuliwa kwa tone, ambayo yeye huyafunga pembeni mwa kanga kama dhahabu.

Hapo ndipo shetani aliponinong'oneza. Nikakitazama kichupa, nikaitazama boila, nikasema moyoni: Twahir, kuna haja gani ya mtu kuzunguka na mrashi? Acha kigarimoshi chenyewe kipite mbele ya wazee, mvuke wake utoke unanukia mawaridi, kiwafukize mmoja mmoja, Mzee Bakari aone adabu ya Kiswahili na ufundi vimekutana mahali pamoja! Niliona nimebuni jambo ambalo yule Mzungu wa Watamu asingeliota. Nikafungua kifuniko cha boila, nikamimina. Nilikusudia tone. (Lilikuwa tone kwa maana ya kwamba kichupa kilibaki na tone.)

Wazee wakaja, Mzee Bakari na nduguze wawili, pamoja na Ami Swaleh, wote kanzu nyeupe pe, zimepigwa pasi zasimama, na ile ya Mzee Bakari ameishona mwenyewe, kifua chote tarizi nyeupe juu ya nyeupe. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika "Marahaba" bila kutabasamu. Wakala, wakanawa, wakaketi kwenye jamvi uani, miguu wameikunja, reli yapita mbele ya magoti yao. Nyuma ya kigarimoshi nikafunga kibehewa, na juu yake sahani ya haluwa.

Nikavuta wenzo. Na nawaambia, mzunguko ule wa kwanza ulikuwa mzuri kuliko kitu chochote nilichopata kufanya duniani. Kikaondoka taratibu, shaba yang'ara, fimbo za magurudumu zaenda na kurudi, na ile harufu ikatanda ua mzima, mawaridi na moshi wa vifuu. Hakuna hata mmoja kati ya nduguze Mzee aliyewahi kuona garimoshi, kubwa wala dogo. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Kinapumua hiki." Haluwa ikasimama mbele ya Mzee Bakari, akamega, hakuitia mdomoni, akabaki ameishika, na nikasikia anasema, "Subhanallah." Nikaona nimeoa tayari.

Mzunguko wa pili nikasikia sauti imebadilika. Nikatazama kile kioo kidogo cha kuonyesha maji, sioni maji, naona povu. Mafuta yamechemka na maji ndani ya boila, yamefanya povu kama sufuria ya maziwa, na povu halikai mahali pake, linafuata njia ya mvuke mpaka kwenye pistoni, kisha latokea juu kwa bomba la moshi. Na bomba la moshi, ndugu zangu, lina masizi.

Likatoka la kwanza, pwaa, likampata Ami Swaleh usoni. La pili likawagawia wale ndugu wawili sawasawa bila upendeleo. Nikarukia wenzo nifunge mvuke, wenzo umekwama, kitu kimeshashikwa na mafuta hakisikii mkono, na badala ya kusimama kikaongeza mwendo! Kikapita mbele ya jamvi kinatema kushoto na kulia, maji meusi ya moto yanayonukia kama biharusi, wazee wanajikinga na kofia, Ami anapiga kelele "Lahaula! Twahir, zima! Zima!" na Shangazi mlangoni anauliza, nani kachukua kichupa chake?

Ningeomba mkasa uishie hapo. Kwenye kona kikashindwa kukata, kikaruka reli, kikaja mzimamzima juu ya jamvi, moto wamwagika chini yake, kinamwelekea Mzee Bakari, ambaye amekaa, magoti ya uzee, hawezi kuinuka upesi. Sikufikiri. Nilikipiga kumbo kwa magoti nikakikamata kwenye boila kwa viganja viwili, nikakiinua, nikakitupa kwenye pipa la maji. Kikalia chiii, mvuke ukafunika ua wote, na ulipoondoka tulikuwa tumesimama wote weusi, tumelowa, twanuka mawaridi, na kigarimoshi changu kimezama.

Mzee Bakari akasimama. Tarizi yake yote, zile nyuzi alizozishona kwa macho yake, madoa matupu. Akanitazama, akatazama pipa, akavaa viatu, akatoka. Nduguze wakamfuata.

Ami Swaleh akajifuta masizi, akasema, "Haya. Mwenye maduka ameoa."

Nilikaa ndani siku kadhaa, viganja nimefunga vitambaa, aibu imenijaa mpaka kooni. Nilikuwa nimempoteza Zuhura kwa sababu ya kujionyesha, na hilo liliniunguza kuliko ile shaba. Mwishowe Shangazi akaniambia, "Posa imekufa, sawa, lakini adabu haijafa. Nenda kaombe radhi." Nikaenda na gora ya kitambaa cheupe kwapani, kwa sababu vidole havikuweza kushika.

Mzee Bakari alikuwa kwenye cherehani barazani. Nikaamkia, nikaanza hotuba yangu, akanikata.

"Weka kitambaa. Nionyeshe mikono."

Nikafungua vile vitambaa vya madonda. Akaitazama muda mrefu, kiganja kimoja, kisha cha pili.

"Nilikuja kwenu kuangalia kama wewe ni mtoto," akasema. "Mtoto kitu chake kikileta balaa hukimbia, akamwachia mwingine. Hicho chombo ulikiunda muda gani?"

"Miaka, mzee."

"Na ulikitupa kwenye pipa bila kufikiri." Akakisogeza kile kitambaa kando. "Ila kutia halwaridi ndani ya moto ni utoto mtupu. Usirudie."

"Sirudii, wallahi sirudii."

Akageuza uso kuelekea ndani. "Zuhura! Lete asali, kuna mtu ameungua." Pazia likasogea kidogo, ukatoka mkono tu na bakuli, na nyuma ya pazia nikasikia mtu anajizuia kucheka, anashindwa.

Kigarimoshi nilikitengeneza upya, na tangu siku ile boila yangu haijaonja kitu ila maji ya mvua, ukinijia na wazo lolote zuri la kuongeza humo nakufukuza uani. Nimejifunza kwamba kitu kikishakuwa cha ajabu, mtu akiache na ajabu yake.

Mimi na Zuhura tuliozeshwa huku madonda bado hayajapona vizuri. Mwajua ada ya nikahi, mkono wa mwozeshaji na mkono wa bwana harusi hushikana kwa nguvu mbele ya watu, na hilo ndilo nililokuwa naliogopa kuliko hutuba, nisije nikapiga kelele msikitini. Mzee Bakari alinyoosha mkono wake, akanishika kwa ncha za vidole tu, taratibu, kama anavyoshika sindano, na watu wa nyuma wakaanza kunong'ona kwamba mzee hamtaki mkwewe, hata mkono hampi vizuri. Alisema "Nimekuoza binti yangu Zuhura," akangoja, wote wakangoja, nami nikabaki natazama vile vidole vyake, nimesahau hata kusema nimekubali.

"Sema, mwanangu," akaninong'oneza. "Sikubinyi."