Tarumbeta na Wenzake

Walimwita Tarumbeta, na jina hilo hakupewa bure. Sauti ya muuguzi mkuu huyu wa wodi ya upasuaji ilifika mpaka jikoni, na wagonjwa walitania kwamba hata aliyechomwa dawa ya usingizi angezinduka akisalimiwa naye.

Aliyemkosesha raha ni daktari mmoja, hodari wa kisu, mwepesi wa matusi. Asubuhi moja alimtupia muuguzi mpya faili miguuni, mbele ya wagonjwa, akamwita kichwa maji. Tarumbeta alimkuta binti wa watu kwenye chumba cha kubadilishia nguo, sare keshaikunja.

"Mama, mimi naenda zangu. Nilisomea kuuguza, sikusomea kutukanwa."

"Nivumilie wiki hii tu, mwanangu. Ukiona mambo ni yale yale, mkoba nitakubebea mwenyewe mpaka getini."

Binti yule alikuwa na mkono mwepesi wa sindano na roho ya kubembeleza wagonjwa, na kumpoteza kungemuuma Tarumbeta kweli kweli. Saa ya chai akawakusanya wauguzi, akawapa agizo: mwenzetu akifokewa, kila anayesikia aache lisilo la dharura, aje asimame kando yake. Hakuna kujibu, hakuna kununa. Ni kusimama tu.

Wiki haikuisha. Daktari akampandishia binti sauti tena, safari hii kisa bandeji. Wauguzi wakaanza kuingia, mmoja baada ya mwingine. Mmoja, kwa haraka zake, alikuja na chupa ya mkojo wa mgonjwa mkononi, asijue aiweke wapi. Mzee wa kitanda cha dirishani naye akajikongoja na magongo yake, akajipanga mwishoni.

"Nyie mnataka nini?" daktari akauliza.

"Hatutaki kitu, daktari," alisema Tarumbeta, kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyejua kama anayo. "Tupo na mwenzetu. Wewe endelea."

Nani angeendelea, na chupa ile iko karibu na pua yake? Daktari alikohoa, akasema, "Sista, naomba bandeji, tafadhali." Tusidanganyane, hakugeuka malaika. Lakini tangu hapo, kabla ya kufungua kinywa, alitupia jicho mlangoni kwanza. Na sare ya binti ilirudi mwilini.

Siku zikapita. Asubuhi moja Tarumbeta aliteleza kwenye maji ya deki, nusura avunje kiuno. Akamgeukia mfagizi, mzee wa watu.

"Wewe! Hayo macho umewekewa pambo?"

Alifoka mpaka wagonjwa wakainua vichwa. Alipovuta pumzi ili aendelee, akaona mzee hayuko peke yake. Wauguzi walikuwa wamejipanga kando yake, kimya, na wa kwanza ni yule binti, habanduki.

Aibu ilimshika Tarumbeta mpaka masikioni, kisha kicheko kikamshinda.

"Nisamehe, baba," alimwambia mfagizi. Akaruka dimbwi, akaenda upande wao. "Hebu sogeeni kidogo, na mimi nisimame."