Nilimnunia mama kwa mkate wa Idd, mpaka nilipojua kusoma hukumu

Wakuu, assalam aleikum, na habari zenu nyote. Miaka nimekuwa nikisoma nyuzi zenu kimya kimya. Leo naleta yangu, na chumvi sitaongeza.

Mimi ni fundi wa friji hapa Amu, yaani mji wa Lamu. Sheria sikusomea, kwa hiyo mawakili wa humu mnivumilie.

Kwetu tulikuwa na wikio. Kwa wasiojua, ni chumba kinachojengwa juu ya kichochoro kikiunganisha nyumba mbili zinazotazamana. Punda wanapita chini, nyinyi mmelala juu.

Mama alilala humo tangu alipoolewa, miaka arubaini na ushei. Goti linamsumbua, na upepo wa pale ndio dawa yake.

Lakini kwenye hati, chumba ni cha nyumba ya ng'ambo, kwa Bwana Shee. Baba yake alipofariki, Shee akakitaka ili afungue nyumba ya wageni. Mama akawa hali chakula vizuri. Nikaapa hatoki.

Nikaingia mtandaoni. Nakuta hukumu ya zamani ya Mahakama ya Rufaa, tena ya wikio! Familia ilikaa miaka mingi, ikapewa chumba. Na jaji kaandika mstari mtamu kwamba wikio ni la wanaolala ndani yake. Nikaupaka njano, nikauweka status. Yaani nilishashinda.

Wakili wetu, Bi Wanjiku, mtu wa bara lakini Amu anaijua kuliko mimi, hakushangilia.

"Hao walishinda kwa nini?"

Nikamwambia si ni wikio kama letu. Akasema wikio ni mahali tu, yeye anauliza sababu. Nikaona huyu mama ananiletea usomi.

Tukafungua kesi. Siku ya ushahidi mama akashika msahafu, akaulizwa aliingiaje mle chumbani.

"Babake Shee alitwambia, 'Kaani, nyumba ni moya.' Na mimi kila Idd huwapelekea mkate wa sinia."

Nikashika kichwa.

Jaji aliisoma ile hukumu yangu polepole. Akasema familia ile ilishinda kwa sababu iliingia bila ruhusa, mwenyewe akajua, akanyamaza zaidi ya miaka kumi na miwili. Sababu hiyo ndiyo inayomfunga yeye jaji, lazima aifuate. Mstari wangu wa njano ulikuwa maneno ya kando tu. Sisi tuliingia kwa ruhusa, na miaka ya ruhusa haihesabiki.

Tukashindwa. Waashi wakaziba mlango, mama akahamia chini, kwenye chumba cha joto kilichokuwa stoo.

Hapa naandika kwa aibu. Nilimnunia. Nilimwambia, "Ungenyamaza tu na mkate wako." Miezi ikapita tukisalimiana na kuishia hapo.

Siku moja nikaitwa kutengeneza friji ya ofisi ya Bi Wanjiku. Akatoa hukumu yetu, akaniambia nifunike kwa kidole pale ulipotajwa ule mkate, kisha nisome. Nikasoma. Bado tumeshindwa.

"Sasa funika ile ruhusa."

Nikafunika. Wakuu, hukumu yote ilibaki haina pa kusimama.

Akaniambia majaji nao huzisoma hivyo hukumu za zamani. Ile sababu ambayo ukiitoa uamuzi unaanguka, hiyo ndiyo inayofunga. Mengine utayasikiliza ukipenda.

Kumbe mkate haukuwa na kosa lolote. Lililotushinda ni lile "kaani", na ndilo lililotuweka pale miaka yote, mimi nikazaliwa, nikakua.

Nilirudi nyumbani nikamwomba mama radhi. Akanitazama.

"Nimeshika msahafu, mwanangu. Ulitaka niseme urongo?"

Idd ilipofika akanipa sinia, limefunikwa vizuri, nipeleke kwa Shee. Nikamuuliza, bado tu, na chumba wamechukua?

"Mkate ni wa jirani," akasema. "Haukuwa wa wikio."

Nikavuka kichochoro. Shee akapokea kwa mikono miwili, macho chini, akauliza goti la mama linaendeleaje. Nikamwambia bado linamsumbua.

Nililojifunza: ukipata hukumu inayofanana na yako, usikimbilie mstari mtamu. Uliza walishinda kwa nini, halafu jiulize kama kwako sababu hiyo ipo.

Mawakili, nilipokosea nisahihisheni. Na nyinyi wengine niambieni ukweli: nani humu amewahi kumnunia mzazi wake kwa kusema kweli?