Mwalimu Anaeli na Shimo Linalotema

Mume wangu Anaeli alikuwa mwalimu wa fizikia. Mtu akiniuliza tuliishije miaka ile, namwambia niliolewa na mmoja nikaishi na wawili: yeye na swali lake.

Tulitoka kwenye miaka ya foleni ya sabuni. Halafu soko huria likaja, sabuni ikajaa madukani Same, ila mshahara wa mwalimu ukawa wa kunusa tu. Wenzake wakaacha chaki wakauza mitumba. Anaeli naye akarudi siku moja kutoka mnadani na jarida kuukuu la sayansi lililokuwa limetandikwa chini ya robota la makoti. Koti hakununua. Nikarudi jikoni, maana mimi nikianza kusema simalizi.

Jarida lilieleza mashimo meusi ya angani: nyota kubwa imekufa, ikajikunja, mpaka hata mwanga ukiingia humo hautoki. Hilo alilijua. Kilichomnyima usingizi ni picha ya shimo likirusha mikondo miwili, mmoja juu, mmoja chini, ikikimbia karibu na mwendo wa mwanga wenyewe.

"Mama Bahati," akaniambia, "mlafi asiyerudisha kitu anatemaje?"

Nikamwambia akawaulize wanafunzi wake. Kumbe ndio waliomuuliza, naye alishawaahidi jibu.

Mimi nilikuwa na swali langu. Maharage yetu yalikuwa kwenye maua na mvua imekata. Huku milimani tunamwagilia kwa ndiva, bwawa la kuchimba linalojaa usiku kwa maji ya kijito. Asubuhi mwenye zamu anazibua tundu la chini, kisha anakimbia na mfereji akiziba michepuko ya majirani hadi maji yafike shambani kwake. Zamu yetu ilikuwa Jumamosi. Tukiikosa, maua yanapukutika, na akiba nyingine ya chakula hatukuwa nayo. Siku hiyo homa ikanilaza, nikamtuma Anaeli.

Alizibua vizuri. Halafu akasimama. Maji yalipopungua yalianza kuzunguka juu ya tundu, na majani makavu hayakuzama moja kwa moja. Yalizunguka kwanza, ya ndani yakienda mbio kuliko ya nje. Akatupa jani jingine, na jingine. Alipokuja kukumbuka mfereji, ndiva ilikuwa tope tupu na maji yote yameishia shambani kwa Honorata.

Honorata ni mjane, jirani yetu. Msimu ule alinyimwa maji kwa sababu hakufika kwenye msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ya kusafisha mifereji. Alikuwa kijiji cha Maore akimuuguza mama yake. Basi kijiji kizima kikasema ameiba.

Jioni homa ilishuka, hasira ikapanda. Nilikaa nikisokota katani pajani, kamba za kuwauzia wafugaji wa tambarare. Nikasokota kupita kiasi, mpaka kamba ikajikunja yenyewe na kuniruka mikononi.

Anaeli akainuka. "Ndiyo hiyo! Vitu vinavyoanguka vinalizunguka shimo kwanza, vinasuguana, vinawaka. Mzunguko ule unazisokota nguvu za sumaku kama kamba yako, mpaka zinafyatuka juu na chini na kurusha baadhi ya vile vitu. Shimo halitemi lilichomeza, mama Bahati. Kinachorushwa ni kile ambacho hakijavuka ukingo."

"Maharage yangu yameshavuka," nikamjibu. Akakaa chini polepole.

Kesho yake, baada ya ibada, wazee wa ndiva wakakutana. Mzee Tumainieli, msimamizi wa zamu, hakuzunguka mbuyu. "Mwalimu, sema tu kwamba Honorata alichepusha maji, kesho unapewa zamu nyingine. Ukisema ulizembea, hupati, na zamu ijayo unaikosa pia. Sheria ndiyo hiyo."

Honorata alikuwa amesimama pembeni, ameinamisha kichwa. Nikamtazama mume wangu mdomoni, maana chakula chetu chote kilikuwa hapo.

"Shikamooni wazee," akasema Anaeli. "Hakuna aliyeiba. Nilikuwa naangalia maji."

"Yana nini hayo maji?"

Akawaeleza, kuanzia nyota iliyokufa hadi kamba ya mkewe. Watu walicheka mpaka mzee Tumainieli akafuta machozi. Kisha akatunyima zamu.

Maua yakapukutika. Nilimnunia Anaeli, neno langu kwake likawa "chakula hicho" basi, na chakula chenyewe uji. Yeye akabeba kamba yangu hadi darasani, akatimiza ahadi yake. Nilisikia wanafunzi walikataa kutoka kengele ilipolia. Sikumpongeza, njaa ilikuwa inaniuma.

Wakati wa mavuno Honorata akapiga hodi, kapu la maharage kichwani.

"Mwalimu, ungesema neno moja tu mngekula," akasema. "Hukulisema. Mavuno ya shamba lile lililokunywa maji yenu tumegawana, nusu kwa nusu. Mama Bahati, lete chombo, mengine nayafuata."

Ili nisilie nikamtania mume wangu: "Haya, baba Bahati, shimo lako limetema."

Akatikisa kichwa, mwalimu hadi mwisho. "Halitemi, mama Bahati. Hayakuwa yamevuka ukingo."

Nikacheka, kisha nikalia hivyo hivyo mbele ya mgeni, nikaenda kuleta chombo.