Fundi Cheche na Taa za Gari la Baba Mdogo

Fundi Cheche alikuwa na tabia ya kuongea na nyaya. Akilala chali chini ya dashibodi, kurunzi ameiuma kwa meno, ungemsikia akiguna: "Mm. Mm-mm. Na wewe unatoka wapi?" Gereji nzima ilishamzoea. Jina lenyewe alilipata wiki ya kwanza ya kujifunza kazi, alipodondosha spana juu ya betri ukatoka mwako uliomla nyusi zote mbili. Nyusi ziliota tena, jina likabaki.

Sasa alikuwa na miaka arobaini na moja, na umeme wa magari ndio uliokuwa ukimpa ugali na raha. Lakini Jumatatu ile hakuguna wala hakuongea. Mbele yake lilisimama gari la Baba Mdogo, rangi ya maziwa, duara kama yai, taa mbili za mbele zimelitoka kama macho ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Gari hilo lilimzidi umri. Baba Mdogo, aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki, alikuwa fundi saa mstaafu, na mpaka leo alilisafisha kwa mswaki kwenye kona ambazo kitambaa hakifiki.

Shauri lilikuwa limekatwa jana yake, Jumapili, sebuleni kwa Baba Mdogo. Aliyelianzisha ni mtoto wa kwanza wa nyumba ile, ambaye ukoo wote ulimwita Meneja kwa kupenda kwake vikao.

"Baba, lile gari limeshakufa," Meneja alisema. "Basi tu hakuna aliyeliambia."

"Limenipeleka sokoni leo hii," Baba Mdogo alijibu.

"Limekupeleka mchana. Mama anakwenda hospitali alfajiri."

Hilo lilikuwa kweli. Mara tatu kwa wiki Mama Mdogo alikwenda kusafishwa damu kwa mashine, na saa kumi na mbili asubuhi alitakiwa awe ameshalala kitandani, sindano mkononi. Nyumbani walitoka giza bado limetanda. Taa za gari zilitoa mwanga wa rangi ya chai ya mgonjwa, ukafika hatua kumi ukachoka. Wiki mbili nyuma, Baba Mdogo alibakiza kiganja tu amgonge mtu aliyekuwa akikokota baiskeli. Na wakaguzi wa magari walikuwa wamelikataa mara mbili kwa sababu ya taa hizo hizo. Mara ya tatu ilikuwa Ijumaa. Likikataliwa tena, namba zinang'olewa.

"Jumamosi anakuja mtu wa vyuma chakavu," Meneja alisema. "Nimeshaongea naye. Mama atapanda gari la kukodi."

"Nilishapanda," Mama Mdogo alisema kutoka kwenye kochi lake. "Dereva alinishusha getini kama gunia. Mwanangu, nikitoka kwenye ile mashine miguu siyo yangu. Anayejua pa kunishika ni huyu baba yako peke yake."

Cheche alikuwa amekaa mlangoni, akitazama mikono ya Baba Mdogo ikifungua na kufunga mkoba wa miwani.

"Niachieni mpaka Ijumaa," alisema. "Mama Mdogo avumilie la kukodi siku hizo tu. Nitalifunga taa za LED. Zitamulika mpaka mwisho wa barabara, na haziichoshi betri."

"Dada Cheche, hizo taa umezijaribu mara ngapi kwenye hili gari?" Meneja aliuliza.

"Sijawahi. Nilikuwa nabadilisha balbu tu, kama wewe unavyobadilisha ajenda."

Mama Mdogo alicheka hadi akakohoa, na kicheko hicho kikawa ndiyo ruhusa.

Jumanne asubuhi alijifunga kibwebwe. Alifungua taa za mbele, akatoa balbu za zamani zilizojaa masizi, akachomeka mpya, akawasha. Kimya. Akachomoa, akapiga msasa kwenye holda, akachomeka tena. Kimya kile kile. Akarudisha balbu za zamani: zikawaka. Akazipeleka zile mpya kwenye pikapu ya jirani: zikawaka mpaka mwenye pikapu akajikinga macho.

"Damu hazijaoana," alisema Baba Nati, mwenye gereji, mtu wa kitambi na utani usioisha. "Huwezi kumvalisha babu suruali ya kubana ukategemea atembee."

Mafundi waliangua kicheko. Cheche alitia pamba masikioni. Alikagua fyuzi, akakagua swichi, akavuta waya mpya moja kwa moja kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi hadi mbele. Mweusi kwenye bodi, yaani chuma chenyewe cha gari, mwekundu kwenye moto. Hilo fundi halifikirii, kama vile usivyofikiria mguu gani unatangulia ukiamka kitandani: waya mweusi ni wa bodi, na bodi ni hasi. Jumatano alifunga jozi ya pili, ya aina nyingine. Taa moja ilikaa kimya. Ya pili ilitoa moshi mwembamba na harufu ya sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Baba Nati alikuja, akanusa, na safari hii hakutania.

"Cheche, mpigie mzee. Mwambie imeshindikana. Hakuna atakayekulaumu."

"Mimi nitajilaumu."

"Imebaki kesho tu."

"Kesho ni siku nzima, bosi."

Alhamisi alifika kabla lango la gereji halijafunguliwa. Hakugusa taa. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya injini, akalitazama gari kama mtu anavyomtazama mtoto anayejua anaficha kitu. Aligusa nini kwenye gari hili kwa miaka yote? Alijibu mwenyewe: kila kitu, isipokuwa betri. Betri ilikuwa mali ya Baba Mdogo. Aliibadilisha mwenyewe, akaifunga mwenyewe, akaifunika kwa kipande cha mpira alichokikata mwenyewe. Na ukiikaribia angesema, "Hiyo iache, naijua."

Cheche aliondoa mpira. Chini yake vichwa vya betri vilikuwa vimefunikwa na grisi na uchafu hadi huwezi kujua kipi ni kipi. Akaleta mita, akagusisha waya mweusi kwenye bodi na mwekundu upande wa pili wa betri. Namba zikatokea zimetanguliwa na alama ya kutoa. Akadhani amechanganya nyaya za mita. Akazitazama. Hakuchanganya.

Alichemsha maji, akachukua brashi, akasugua kichwa kile kilichofungwa mkanda mnene wa waya unaokwenda kwenye bodi. Uchafu ukatoka kama ngozi. Chini yake, kwenye plastiki, ikatokea alama ya kujumlisha.

"Hee!" Cheche alisema peke yake.

Alipiga simu hapo hapo, mikono ikidondosha maji.

"Baba Mdogo, shikamoo. Betri yako unaifungaje?"

"Marahaba. Kama nilivyoonyeshwa na aliyeniuzia."

"Chanya kwenye bodi?"

"Ndiyo. Kwani wengine wanafungaje?"

Cheche alikaa chini kwenye sakafu ya mafuta. Kumbe gari lilizaliwa hivyo, enzi ambazo baadhi ya viwanda vilifunga chanya kwenye bodi. Na yeye, miaka kumi na tano akilala chini ya gari hili, hakujua. Angejuaje? Balbu ya zamani haina mbele wala nyuma, umeme upite huku au kule, yenyewe inawaka. LED ina mlango mmoja. Ukiujia kwa nyuma, haikufungulii.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza.

"Mbona hukuniuliza? Mimi nilikutazama tu, nikajua fundi anajua."

Baba Nati alipofika, Cheche alimvuta mkono akamwonyesha. Mzee wa utani aliinama, akaitazama ile alama, akavua kofia.

"Unafanyaje sasa?"

"Naligeuza lote. Bodi iwe hasi kama magari mengine."

"Na dainamo inayochaji betri? Ukikosea itaungua. Dainamo ya gari hili hata ukiitafuta kwa tochi huipati."

"Sitakosea."

"Jana na juzi pia ulisema hivyo."

"Jana na juzi nilikuwa nafanya kazi kwa mazoea. Leo nimeliuliza gari."

Alipiga moyo konde. Aligeuza betri na kubadilisha vishikio vyake, kwa kuwa kichwa kimoja ni kinene kuliko kingine. Akabadilisha nafasi za nyaya za koili na za mshale wa chaji. Kisha akachukua kipande cha waya, akaomba watu wanyamaze, akaigusisha dainamo na betri kwa kufumba na kufumbua, ili nayo ipate habari kwamba dunia imegeuka. Waya ukatoa cheche ndogo ya samawati. Akawasha injini. Mshale wa chaji ulitetemeka, ukasita, ukapanda upande wa kuchaji, ukakaa.

Kazi haikuishia hapo. Taa za mbele, jozi ile ya kwanza, ziliwaka vizuri, lakini indiketa zikawaka bila kupepesa, maana flasha ya zamani, kifaa cha kuzipepesha, ilizoea kupashwa moto na balbu kubwa, na LED ndogo alizozifunga hapo hazikuipa hata jasho. Akaibadilisha kwa ya kielektroniki. Halafu akaliingiza gari kwenye stoo, akafunika dirisha kwa turubai mchana kweupe, akachora mstari wa chaki ukutani. Mwanga ulitawanyika mpaka darini. Ungempofua kila dereva wa mbele. Akazungusha taa kwenye holda zake kidogo kidogo, akarudi ukutani, akatazama, akarudi tena. Mara ya tisa au ya kumi, vipande vya kutoa mwanga ndani ya balbu vilipotazama kushoto na kulia badala ya juu na chini, mwanga ulishuka ukakaa chini ya chaki kama umekatwa kwa mkasi.

Ijumaa mkaguzi alizunguka gari mara mbili.

"Taa za kisasa kwenye gari la kizee," alisema. "Hizi ndizo zinazopofusha watu."

"Pima kwanza, afande, ndipo useme," Cheche alisema.

Mkaguzi alisogeza mashine yake mbele ya taa ya kushoto, akainama, akahamia ya kulia, akarudi tena ya kushoto. Baba Mdogo alikuwa amesimama pembeni, miwani mkononi, midomo ikichezacheza. Mkaguzi aliomba mwanga wa chini, dimu, akaomba wa juu, fulu, akaomba indiketa zote nne. Kisha akaandika, na alipoandika hakumtazama mtu.

"Limepita. Nani kafunga?"

"Huyu mwanangu," Baba Mdogo alisema.

Meneja alipigiwa simu. Alisema atamzuia yule mtu wa vyuma, ila karatasi ya ukaguzi aione kwa macho yake. Akaambiwa aje aione.

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri walitoka watatu. Baba Mdogo kwenye usukani, Mama Mdogo pembeni, Cheche nyuma, masikio ameyatega kwenye kila mlio. Barabara ilifunguka mbele yao mpaka kwenye kona ya mbali: mashimo, mawe ya kingo, paka aliyevuka kwa madaha.

"Kumbe hapa kuna ukuta!" Mama Mdogo alisema.

"Mimi nilikuwa nauona," Baba Mdogo akasema.

"Uliuona lini, mume wangu? Ulikuwa unauhisi."

Mtu mwenye baiskeli alitokea mbele, mbali kabisa, mdogo kama kidole. Baba Mdogo alishusha taa, akapunguza mwendo, akamwachia nafasi ya kutosha gari la pili kupita. Mwenye baiskeli aliinua mkono kushukuru.

Hospitalini alisimamisha gari likitazama ngazi, akazunguka upande wa pili, akafungua mlango. Mkono mmoja aliuweka chini ya kwapa la mkewe, mwingine mgongoni, chini kidogo ya bega. Wakapanda ngazi polepole, mwanga mweupe wa taa ukiwamulikia, kila ngazi ikionekana. Cheche alisubiri mpaka wakaingia ndani, ndipo akanyoosha mkono kwenye dashibodi, akazima taa.