Shangazi na Mtu wa Ndizi

Leo nimegonga kioo cha gari la mtu, na bado nasikia aibu. Si yangu, lakini naisikia.

Nilikuwa nateremka na baiskeli kutoka kilima cha Kagarama. Gari jeupe likanipigia honi, likanibana mpaka gurudumu langu likagusa ukingo wa mtaro.

Sikuanguka. Nilikasirika tu, nikalifuata.

Gari likakwama kwenye taa nyekundu. (Mungu yupo.) Nikalifikia, nikagonga kioo, hotuba nzima tayari kichwani: barabara ni ya wote, uhai hauna spea.

Kioo kikashuka.

Shangazi yangu!

"Ee, ni wewe? Nisamehe, mwanangu. Nilidhani ni mtu wa ndizi!"

Hotuba ikanipotea.

Sauti ikatoka nyuma yangu: "Mama, mtu wa ndizi ni mimi."

Kweli kabisa. Baiskeli, mikungu mitatu, na tabasamu.

"Hata mimi umenibana kule juu. Nikadhani unataka kununua."

Taa ilipowaka kijani, Shangazi akatuashiria tutangulie sisi wawili.

Magari yote ya nyuma yakampigia honi yeye.

Jumapili nakula kwake. Niambieni, niende na baiskeli?